Titi linauma: limejaa tu, mrija umebana, ni mastaitisi au ni jipu?

Saa nane za usiku. Mtoto amelala, wewe uko macho, umelishika titi la kulia kwa kiganja kama mtu aliyebeba yai bichi. Mchana lilikuwa zima. Sasa upande wa kwapani ni mgumu, na nguo ikiligusa tu unakunja uso. Jina la ugonjwa halikushughulishi saa hiyo. Unachotaka kujua ni kimoja: nilale mpaka asubuhi, nikamue, nimeze kidonge, au nimwamshe mtu tuondoke sasa hivi?

Matatizo ya titi linalonyonyesha, yakiwa bado machanga, yanafanana kama mapacha. Yote huanza na maumivu, yote huanza na ugumu. Ndiyo maana mama hupewa dawa moja kwa yote: kanda na maji ya moto, minya kwa nguvu, kamua mpaka likauke. Nimenyonyesha watoto watatu, na kwa yule wa pili ushauri huo niliufuata kwa utii wote. Nitaeleza yaliyonipata. Hapa nimeyapanga matatizo mawili mawili, bega kwa bega, kwa sababu hivyo ndivyo tunavyoyachanganya. Mastaitisi ni uvimbe unaowaka ndani ya titi, wenye maambukizi au usio nayo; jipu ni usaha uliojikusanya.

Kabla hujasoma zaidi, jijibu maswali manne. Ni titi moja au yote mawili? Una homa (na hapa namaanisha kipimajoto, si kujishika shingo)? Ilianza lini, ghafla au kidogo kidogo? Na ukilinganisha na saa 24 zilizopita, inapungua, imesimama palepale au inaongezeka? Ukiwa na majibu haya, hata kwa simu muuguzi atakuelewa upesi kuliko ukimwambia tu kwamba titi linauma sana.

| | Kujaa | Mrija kubana | Mastaitisi | Jipu |
|---|---|---|---|---|
| Upande | Mara nyingi yote mawili | Moja, sehemu ndogo | Moja, eneo pana | Moja, donge lenye mipaka |
| Wakati | Siku ya 2 hadi ya 5 baada ya kujifungua | Wakati wowote | Zaidi wiki za mwanzo, ila inaweza kuja baadaye | Baada ya mastaitisi isiyopona |
| Homa | Hakuna, au ndogo | Hakuna | 38.5 na kupanda, pamoja na kutetemeka | Huenda ipo, huenda ilishuka ikarudi |
| Mwili | Uchovu wa kawaida | Mzima | Viungo vyote vinauma | Dhaifu, au mzima kabisa |
| Uamuzi | Nyumbani | Nyumbani, ukichunguza saa 24 hadi 48 | Kituo cha afya, usivuke siku moja | Hospitali yenye altrasaundi |

Jedwali linanyoosha mambo kuliko yalivyo. Yanayofuata ni yale yasiyoenea kwenye visanduku.

Kujaa au mastaitisi?

Hili ndilo rahisi kutofautisha, na ndilo linalowatisha zaidi kina mama wa mtoto wa kwanza. Siku ya tatu unaamka kifua kimekuwa cha mtu mwingine: matiti yote mawili yamekaza, yanang'aa, mishipa imechora ramani. Watu husema maziwa yamekuja. Kweli yamekuja, ila hayakuja peke yake. Damu na maji ya mwili navyo hukimbilia kwenye matiti, na uvimbe mwingi unaouona ni huo. Mama aliyewekewa dripu nyingi wakati wa uchungu anaweza kuvimba zaidi.

Kuna kipimo cha vidole ambacho wauguzi wa unyonyeshaji hukitumia. Gusa midomo yako, kisha ncha ya pua, kisha paji la uso. Titi laini kama mdomo halina shida. Likiwa kama ncha ya pua limejaa. Likiwa kama paji la uso limejaa kiasi kwamba mtoto hataweza kulikamata, kwa sababu ule weusi unaozunguka chuchu umetanuka na chuchu imezama. Mtoto anateleza, analia, anakamata ncha tu, na hapo michubuko inaanza.

Tiba yake ni ndogo ajabu. Weka ncha za vidole vya mikono yote miwili kuizunguka chuchu, karibu kabisa nayo, ubonyeze taratibu kuelekea kifuani. Tulia hapo, hesabu mpaka sitini. Ukiachia utaona vishimo vya vidole vimebaki kwenye ngozi: maji yamesogea nyuma, weusi umelainika, na mtoto sasa ana pa kushika. Mnyonyeshe hapo hapo kabla maji hayajarudi. Kama bado anashindwa, kamua kwa mkono kidogo tu, kiasi cha kulainisha. Baada ya kunyonya, weka kitambaa cha baridi dakika 10 hadi 15. Kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili hali hupungua.

Usichofanya ni kuchukua mashine na kukamua mpaka tone la mwisho. Titi hutengeneza kwa kufuata kinachotoka. Ukitoa maziwa ya mapacha, kesho litakuletea ya mapacha, nawe una mtoto mmoja.

Sasa homa. Mama aliyejaa anaweza kupata joto kidogo. Lakini homa ya 38 na zaidi katika siku za mwanzo usiisingizie maziwa. Inaweza kutoka kwenye kizazi, kwenye mshono au kwenye njia ya mkojo. Kama damu ya uzazi inanuka vibaya, tumbo la chini linauma, mshono umevimba au mkojo unachoma, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, hata kama na matiti nayo yamekaza. Maambukizi baada ya kujifungua ni miongoni mwa mambo yanayoua kina mama, na "ni maziwa tu" imechelewesha wengi.

Mrija kubana au mastaitisi?

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo nilipoanguka.

Zamani tulielezwa kwamba mrija wa maziwa huziba kama bomba la sinki: kitu kimeganda ndani, kazi yako ni kukisukuma kitoke. Mwaka 2022 chama cha madaktari wa unyonyeshaji, Academy of Breastfeeding Medicine, kilitoa mwongozo uliobadilisha picha hiyo. Mirija ya titi si bomba moja. Ni myembamba mno, mingi, imesokotana. Kinachotokea kwa kawaida ni kwamba nyama inayoizunguka imevimba, uvimbe unaibana, maziwa yanapita kwa shida. Yaani hakuna kizibo cha kusukuma. Na mrija kubana, mastaitisi isiyo na bakteria, mastaitisi yenye bakteria na jipu si magonjwa manne yaliyotengana. Ni vituo vya njia moja. Swali lako la usiku ni kama uko kituo cha kwanza au umeshapita cha pili.

Mrija uliobana: donge dogo, mara nyingi unaweza kuonyesha kwa kidole kimoja lilipo. Limekuja polepole. Linauma ukiligusa, huenda ngozi ya juu ina joto kidogo. Wewe mwenyewe huumwi. Unakula, unacheka, una hasira tu.

Mastaitisi: eneo ni pana, mara nyingi limekaa kama pembetatu ambayo ncha yake inatazama chuchu. Limekuja kwa kasi. Na mwili mzima umeingia kwenye kesi: baridi inayotetemesha meno, kichwa, viungo kuuma kana kwamba umeshikwa na mafua makali. Mama wengi hugundua wana homa kabla hawajagundua titi ndilo chanzo.

Vitabu vingi husema tazama wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usiuone kabisa. Tafuta badala yake ngozi inayong'aa, iliyokaza, au iliyopiga rangi ya zambarau au weusi uliokolea kuliko upande wa pili. Kisha weka mgongo wa mkono kwenye titi hili na mahali pale pale kwenye lile lingine. Tofauti ya joto haifichiki. Halafu chukua kalamu, zungushia mpaka wa eneo gumu, andika saa. Asubuhi hutahitaji kubishana na mtu kama limeenea au la.

Mimi sikuchukua kalamu. Mtoto alikuwa na siku 16. Jioni nilipata donge la ukubwa wa sarafu, nikaambiwa likandwe kabla halijaganda. Nikachovya taulo kwenye maji ya moto, nikaliminya kwa kidole gumba kutoka juu kushuka, kisha nikakaa na mashine ya kukamua dakika 40, nikilia na kukamua. Nilipata matone. Asubuhi eneo gumu lilikuwa limejaa kiganja, kipimajoto kilisoma 39.2, na kwenye ngozi kulikuwa na alama za kidole gumba, nyeusi, zimepangana. Mkunga alinivua shali, akatazama, akauliza: "Nani amekupiga, mama?"

Fikiria kifundo cha mguu kilichoteguka. Hakuna anayekiminya ili uvimbe utoke. Titi nalo lina mishipa midogo inayopasuka ukiikandamiza, na kila ukiiumiza uvimbe unaongezeka, na uvimbe ukiongezeka mirija inazidi kubanwa. Kinachoruhusiwa ni kupapasa, kwa uzito ule ule unaompapasia paka aliyelala: vidole vinateleza juu ya ngozi kutoka kwenye chuchu kwenda kwapani na kwenye mtulinga, ule mfupa ulio chini ya shingo, kusaidia maji ya uvimbe kuondoka. Ukiona ngozi inabonyea umezidisha.

Basi uamuzi uwe hivi. Donge bila homa: nyonyesha kama kawaida, si zaidi na si pungufu. Usimng'ang'anize mtoto upande huo kila nusu saa. Weka baridi, meza dawa ya kupunguza uvimbe, ondoa sidiria inayobana, lala. Lipe saa 24 hadi 48. Homa imekuja lakini bado una nguvu: fanya hayo hayo, ila kwa saa 24 tu. Mastaitisi nyingi zikianza ni uvimbe bila maambukizi, na zinaweza kutulia zenyewe. Homa haijashuka baada ya siku moja, au unazidi kuwa mgonjwa, au kuna mpasuko kwenye chuchu unaotoa usaha: sasa ni antibayotiki. Na kama tangu mwanzo unatetemeka, moyo unaenda mbio, unatapika, umechanganyikiwa au husimami, usihesabu saa yoyote. Nenda.

Bakteria wanaohusika zaidi ni Staphylococcus aureus, ndiyo maana daktari huchagua dawa kama flukloksasilini au sefaleksini, kwa kawaida siku 10 hadi 14. Mwenye mzio wa penisilini hupewa nyingine, mathalani klindamisini. Amoksilini iliyobaki kabatini si mbadala, kwani aina nyingi za bakteria hao huishinda. Nami pia nilianza na hiyo, niliikuta nyumbani, ilinipotezea siku.

Je, mtoto anyonye titi lenye mastaitisi? Ndiyo. Maziwa hayamdhuru, bakteria hao mara nyingi tayari wako mdomoni na puani mwake. Anaweza kununa kidogo kwa sababu maziwa ya titi lililovimba huwa na chumvi zaidi. Kibaya ni kuacha ghafla, kwa sababu maziwa yanayotuama huongeza uwezekano wa jipu.

Isipokuwa mama anayeishi na VVU. Titi lililovimba au chuchu iliyopasuka huongeza virusi kwenye maziwa ya upande huo. Anyonyeshe upande mzima, upande unaougua aukamue bila kumpa mtoto maziwa hayo, aendelee na ARV bila kuruka kidonge, na azungumze na mhudumu wake siku hiyo hiyo.

Mastaitisi au jipu?

Kati ya kila mama 100 wenye mastaitisi ya bakteria, kama 3 hadi 11 huishia na jipu. Si wengi, ila jipu lina ujanja: antibayotiki inaweza kushusha homa ukadhani umepona, huku usaha umejitengenezea chumba chake ndani. Dalili ya kuaminika ni wakati. Mastaitisi iliyopata dawa sahihi huanza kuonyesha nafuu ndani ya siku mbili. Ikipita hapo, donge lipo palepale, linauma mahali pamoja, ukiligusa linacheza kama mfuko wa maji chini ya ngozi, usiombe kuongezewa dawa ileile. Omba altrasaundi.

Nimekutana na mama waliobadilishiwa antibayotiki mara tatu bila mtu kuweka kipimo juu ya titi. Dawa peke yake kwa kawaida haimalizi jipu lililokwisha kujaa. Usaha lazima utoke. Una njia mbili. Ya kwanza ni sindano: ganzi, daktari anaangalia kwenye altrasaundi, ananyonya usaha. Kovu halionekani, unarudi nyumbani siku hiyo, ila huenda ukaitwa tena mara mbili tatu kwa sababu usaha hurudi. Ya pili ni kupasua na kuacha mfereji. Hutumika zaidi jipu likiwa kubwa, likiwa na vyumba vyumba au ngozi ikiwa imeshaharibika. Ukipewa nafasi ya kuchagua na jipu ni dogo, mimi ningeanza na sindano. Njia zote mbili hazikulazimishi kuacha kunyonyesha. Titi la pili linaendelea, na hata hilo hilo linaweza, kama jeraha liko mbali na mdomo wa mtoto.

Kulitoboa nyumbani na sindano, hata iliyochemshwa, hapana.

Chuchu: mkao, fangasi au mishipa?

Hapa watu hukimbilia jibu moja, fangasi, na fangasi wanasingiziwa sana. Ukiniuliza, mara nyingi kosa liko kwenye mkao.

Tazama chuchu mara tu mtoto anapoiachia. Ikitoka ya mviringo, kama ilivyoingia, mkao ni mzuri. Ikitoka imebanwa bapa, au imechongwa upande mmoja, au ina mstari mweupe katikati, mtoto anainyonya chuchu badala ya titi. Maumivu ya mkao mbaya ni makali mtoto anapokamata na anaponyonya, hupungua akiachia, na hutangulia mpasuko. Unyeti kidogo wa sekunde chache mwanzoni mwa kunyonya, katika wiki ya kwanza, huwapata wengi. Maumivu yanayodumu mnyonyo mzima siyo ya kuvumilia. Krimu haitibu mkao. Mlete mtoto titini, usipeleke titi kwa mtoto: tumbo lake ligusane na lako, pua ielekee chuchu, subiri apanue mdomo kama anapiga mwayo, kidevu kitangulie kugusa titi. Kama bado, mtu aliyezoea kazi hii atazame chini ya ulimi wa mtoto. Wapo wanaozaliwa na ulimi ulioshikwa.

Fangasi huuma kwa namna nyingine. Kuna kuchoma na kuwasha kunakoendelea hata mtoto akishalala, mara nyingi chuchu zote mbili, na huja baada ya kipindi ambacho kunyonyesha kulikuwa hakuumi, pengine baada ya antibayotiki. Chuchu inang'aa, ngozi inabanduka. Mchungulie mtoto: utando mweupe ndani ya mashavu usiotoka ukiufuta (maziwa yaliyobaki ulimini hutoka), au vipele vyekundu sehemu inayofunikwa na nepi. Tiba ni ya wawili kwa wakati mmoja, kwa mfano nistatini mdomoni kwa mtoto na mikonazoli kwenye chuchu. Ukimtibu mmoja, mwingine anamrudishia. Kama mtoto hana chochote na dawa ya wiki nzima haijabadilisha kitu, rudi kwenye mkao, au soma aya inayofuata.

Mishipa ya damu ya chuchu kubana ni hali isiyojulikana sana. Dakika chache baada ya mtoto kuachia, chuchu inageuka nyeupe, kisha ya samawati, kisha rangi inarudi huku ikipwita kwa maumivu. Kwenye ngozi nyeusi utaona inapauka. Baridi inachochea: kutoka kuoga, kufungua jokofu. Mara nyingi wenye hali hii vidole vyao navyo hufa ganzi kwenye baridi. Kwa huyu, kile kitambaa baridi ninachokisifia kwa mastaitisi ni adui. Funika chuchu mara tu mtoto anapoachia, weka kiganja chenye joto, punguza sigara kama unavuta, na isipotosha daktari anaweza kuandika nifedipini, dawa ya kulegeza mishipa ya damu.

Kidoa cheupe kidogo kwenye ncha ya chuchu, kama punje, kinachouma: usikitoboe. Kulowesha na kulainisha kunatosha kwa wengi.

Kuna mawili yasiyosubiri. Malengelenge madogo yaliyojikusanya, yanayouma kama moto, yanaweza kuwa hepesi (herpes), maambukizi ya virusi. Kwa mtoto mchanga hepesi inaweza kuua, hivyo asinyonye upande huo wala asiguse malengelenge mpaka uonwe. Na ukurutu wa chuchu moja tu, usiopona kwa wiki kadhaa za krimu, unaobanduka au kutoa damu, usiuite mzio. Upimwe, kwani upo ugonjwa wa Paget wa chuchu, ambao ni saratani.

Baridi au moto, kidonge kipi, mashine au mkono

Baridi baada ya kunyonya, kwa kila kilichovimba. Moto, kwa dakika chache kabla ya kunyonya, kama unakusaidia maziwa kuteremka. Ukiona unakuletea kupwita, acha. Taulo la kuchoma ngozi halina kazi popote.

Ibuprofeni hushusha homa na uvimbe. Parasetamoli hushusha homa na maumivu, uvimbe hauugusi. Kwa titi lililovimba naweka ibuprofeni mbele: miligramu 400 kila baada ya saa 8, tumboni pasiwe patupu. Lakini kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu inayochochewa nayo, au ulipandwa na presha wakati wa ujauzito, muulize daktari kwanza. Parasetamoli ni ya kila mtu asiye na ini bovu. Zote mbili hupenya kwenye maziwa kidogo mno, mtoto haathiriki. Aspirini iache.

Wa kukamua titi kwa ustadi zaidi ni mtoto mwenyewe. Wa pili mkono. Mashine ni ya mama aliyetengana na mtoto. Na ukiitumia, kikombe cha kuvutia kiendane na ukubwa wa chuchu, na nguvu iwe ile isiyouma. Nimeona chuchu zilizopasuka ambazo mtoto hakuhusika nazo hata kidogo.

Donge lisilouma

Hili ndilo ninaloliogopa zaidi, kwa sababu halimsumbui mtu.

Mengi ni maziwa. Kuna kifuko cha maziwa kinachojikusanya ndani ya titi, cha duara, laini, kinateleza chini ya kidole, hakina homa. Altrasaundi inakitambua, na mara nyingi hakihitaji chochote. Kuna vivimbe vya kawaida vilivyokuwepo kabla ya ujauzito, vikakua na homoni. Na mara chache kuna saratani. Kunyonyesha hupunguza hatari yake: uchambuzi uliochapishwa mwaka 2002, uliokusanya tafiti 47 kutoka nchi 30, ulikuta kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari ya saratani ya titi kwa asilimia 4.3. Kupunguza si kuondoa, na anayenyonyesha bado ana titi.

Saratani moja hujifanya mastaitisi: titi linavimba lote, linapasha joto, ngozi inakuwa na vishimo vishimo kama ganda la chungwa, pengine chuchu inaingia ndani, tena homa mara nyingi hakuna. Antibayotiki zinapita bila kuibadilisha. Kwa hiyo kipimo ni kile kile, muda. Mastaitisi isiyopona baada ya dawa, au inayorudi mahali palepale mara kwa mara. Donge ambalo limepita wiki mbili bila kupungua hata baada ya kunyonyesha. Damu kutoka kwenye chuchu isiyo na mpasuko. Tezi ngumu kwapani. Lolote kati ya hayo lipimwe.

Usiambiwe kwamba lazima uache kunyonyesha kwanza ndipo upimwe. Altrasaundi haina shida, mamogramu (eksirei ya titi) haigusi maziwa, na hata kuchukua kinyama kwa sindano kunafanyika ukiwa unanyonyesha. Mnyonyeshe mtoto dakika chache kabla ya kuingia chumba cha kipimo, ili titi liwe laini na picha isomeke. Mwambie daktari tangu mlangoni kwamba unanyonyesha, donge liko saa ngapi ukilichukulia titi kama uso wa saa, na lina siku ngapi. Akikugusa na kusema ni maziwa tu, huenda yuko sahihi. Muombe akuandikie kwenye daftari tarehe ya kurudi kama litakuwa bado lipo.